Kuchagua Miplamu Inayostahimili Baridi kwa Bustani ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mche uliouzwa kwa sifa ya kustahimili baridi umemea vizuri, umefika mwaka wa tano, hauna tunda hata moja. Au umechanua ukawa mweupe pe, kisha maua yote yakapukutika. Au umechipua upande mmoja na upande wa pili umekuwa kuni.

Chanzo kikubwa ni neno lenyewe. Tunasema "baridi" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali mplamu hukutana na baridi za namna tatu. Ipo baridi ya katikati ya majira ya baridi, inayoua mbao na macho ya maua, yaani vitumba ambamo maua hutokea. Ipo baridi ya wastani, ya juu kidogo ya sifuri, ambayo mti unaihitaji ili ulale na kuamka sawasawa. Na ipo jalidi ya alfajiri katika majira ya kuchipua, inayounguza ua lililokwisha kufunguka. Aina inayoshinda ya kwanza inaweza kushindwa vibaya na ya tatu.

Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua, kuanzia vipimo vya bustani hadi mche uliosimama ardhini. Usiruke hatua ya 4. Wengi wanaokosa matunda waliiruka hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu kabisa. Ukipata viwili, bora zaidi.
- Daftari na kalamu ya risasi.
- Mchoro wa bustani kwenye karatasi, wenye vipimo vya mita, kuta, miti mikubwa na mwelekeo wa mteremko.
- Koleo, ndoo mbili za maji na rula ya sentimita 30.
- Kifaa cha kupimia pH ya udongo, yaani kiwango chake cha uchachu.
- Wembe mkali au kisu cha kubebeshea, yaani kuunganisha kikonyo (kitawi) cha aina moja kwenye shina la nyingine.
- Kitambaa chepesi cha kufunikia mimea wakati wa jalidi.
- Wavu wa chuma wenye matundu madogo, wa kuzungushia shina.
- Rangi nyeupe ya maji, ile ya kupaka kuta.

Muda nao ni kifaa. Ukiweza kupima bustani kwa msimu mzima wa baridi kabla ya kununua, utaokoa miaka minne ya kungojea mti usiofaa.

## Hatua ya 1: Pima baridi ya bustani yako, si ya mji

Anza na kanda za ustahimilivu zinazotumiwa na wauzaji wengi wa miche, zile za Idara ya Kilimo ya Marekani, USDA. Kila kanda hutajwa kwa wastani wa kiwango cha chini kabisa cha mwaka:

- Kanda ya 3: −40 hadi −34 °C
- Kanda ya 4: −34 hadi −29 °C
- Kanda ya 5: −29 hadi −23 °C
- Kanda ya 6: −23 hadi −18 °C
- Kanda ya 7: −18 hadi −12 °C

Zingatia neno wastani. Ramani ya kanda hizi iliyotolewa 2023 imejengwa juu ya takwimu za miaka 30, 1991 hadi 2020. Ndani ya miaka hiyo kuna iliyoshuka chini sana ya wastani, na mplamu unaotarajiwa kuishi miaka 20 utakutana na mwaka wa namna hiyo. Kwa hiyo ukiwa kanda ya 5, tafuta aina inayohimili kanda ya 4. Kanda moja ya akiba si woga.

Kisha weka kipimajoto kwenye eneo unalotaka kupanda, mita 1.5 kutoka ardhini, kisipigwe na jua. Cha pili kiweke sehemu ya juu zaidi ya bustani. Andika kiwango cha chini kila asubuhi yenye anga safi na isiyo na upepo, kwa sababu usiku wa aina hiyo ndio unaoonyesha tofauti. Hewa baridi ni nzito. Huteleza kama maji na kujikusanya bondeni, na si ajabu sehemu mbili za bustani moja zikapishana kwa nyuzi 2 au 3.

Umefaulu kama: una kiwango cha chini kabisa cha mahali penyewe, na unajua kona ipi ni ya baridi zaidi.

## Hatua ya 2: Tafuta tarehe mbili na idadi moja

Tarehe ya kwanza ni ya jalidi ya mwisho katika majira ya kuchipua. Ya pili ni ya jalidi ya kwanza katika majira ya kupukutika majani. Ziulize kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nawe, halafu zirekebishe kwa kipimajoto chako.

Tarehe ya kwanza inaamua hatima ya maua. Viwango vinavyotumiwa na wakulima wa plamu ni hivi: macho yakiwa ndiyo kwanza yanavimba, −10 °C huua takriban moja kati ya kumi, na −18 °C huua tisa kati ya kumi. Maua yakishafunguka kabisa, −2.2 °C tu inatosha kuua moja kati ya kumi, na −5 °C huua tisa. Ona jinsi ustahimilivu unavyoyeyuka ndani ya wiki chache. Mti uliovumilia −35 °C ukiwa umelala unapoteza karibu mazao yote kwa −5 °C ukiwa umechanua.

Tarehe ya pili inaamua kama tunda litaiva na kama mti utapata muda wa kukomaza mbao zake. Tawi laini, la kijani, lililoshikwa na baridi kali kabla ya kukomaa hufa hata kama ni la aina ngumu kuliko zote.

Idadi unayoihitaji ni saa za ubaridi, yaani jumla ya saa ambazo joto liko kati ya 0 na 7 °C kipindi mti umelala. Miplamu ya Ulaya mingi huhitaji takriban saa 700 hadi 1,000. Ile ya Kijapani kwa kawaida huhitaji chache zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mti unaohitaji saa chache humaliza usingizi mapema, na zikija siku tano za joto katikati ya majira ya baridi, unaanza kuamka. Baridi ikirudi, inaukuta uchi.

Onyo: kinyume chake pia ni kweli. Kama kwenu majira ya baridi ni hafifu na joto halikai chini ya 7 °C kwa wiki nyingi, aina zilizotajwa hapa hazikufai hata kama asubuhi unavaa sweta. Zitachelewa kuchipua, zitachanua kidogo kidogo kwa miezi, na hazitazaa. Huko tafuta aina za saa chache.

## Hatua ya 3: Chagua ukoo kabla ya kuchagua jina

Majina ya plamu ni mamia. Koo zinazokuhusu ni chache.

Miplamu ya Ulaya, *Prunus domestica*. Huchelewa kuchanua kuliko ya Kijapani, na hilo huiokoa na jalidi nyingi. Tunda mara nyingi ni la mviringo mrefu, bluu au zambarau, tamu, na linafaa kukaushwa. Aina nyingi hujichavusha zenyewe, yaani huzaa bila mti wa pili. Zilizo imara hufika kanda ya 4, lakini wingi wake ni wa kanda ya 5 na kuendelea.

Midamsoni, *Prunus insititia*. Ndugu wa karibu wa ya Ulaya. Tunda ni dogo na kali, zuri kwa jamu. Mti wake huvumilia mengi, na kwa kawaida hujichavusha.

Miplamu ya Kijapani, *Prunus salicina*. Ndiyo yenye matunda makubwa, ya mviringo, yenye maji mengi yanayojaa madukani. Huchanua mapema mno. Kwa bustani yenye jalidi ya kuchelewa, ikiwa peke yake ni kamari. Wengi huiingia kwa sababu tunda la dukani limewavutia.

Miplamu ya mwitu ya Amerika Kaskazini, *Prunus americana* na *Prunus nigra*. Inahimili kanda ya 3. Tunda ni dogo, ganda ni chungu kidogo. Thamani yake kuu kwako ni chavua, kama utakavyoona.

Machotara ya Kijapani na Amerika. Hapa ndipo mtu wa kanda ya 3 na ya 4 anapopata tunda kubwa na tamu. Kazi hiyo ilifanywa hasa katika majimbo ya Marekani ya South Dakota na Minnesota mwanzoni mwa karne ya 20: ukubwa na utamu kutoka Asia, ugumu kutoka kwa mti wa mwituni.

Machotara ya vichaka, yenye damu ya *Prunus besseyi*. Ni mafupi, mengi hayazidi mita 2, na theluji huyafunika na kuyakinga na upepo. Opata, Sapalta na Compass ni majina yanayojulikana. Matunda ni madogo. Kwa bustani finyu ya kanda ya 3, usiyadharau.

Umefaulu kama: umebaki na koo moja au mbili, na unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini umeacha nyingine.

## Hatua ya 4: Tafuta mwenzi wa uchavushaji kwanza

Kwa kawaida mtu hununua mti anaoupenda, kisha miaka mitano baadaye anauliza mwenzi wake ni yupi. Geuza mpangilio. Kama mwenzi hapatikani, mti mkuu haununuliwi.

Sababu iko ndani ya mbegu. Mplamu wa Ulaya una seti sita za kromosomu, wa Kijapani na wa Amerika una mbili. Chavua ya mmoja haizalishi matunda kwa mwingine. Mtu aliyepanda Stanley, ambayo ni ya Ulaya, kando ya chotara Superior ana miti miwili isiyosaidiana hata kidogo, hata ikichanua siku moja.

Kanuni ni hizi:

1. Mplamu wa Ulaya huchavushwa na wa Ulaya au mdamsoni.
2. Chotara la Kijapani na Amerika huchavushwa vizuri zaidi na mplamu wa Amerika wa mwituni, au na chotara lenye chavua nzuri.
3. Machotara mengi yana chavua dhaifu. Kupanda mawili tofauti si hakikisho. Superior na Pipestone vikiwa pamoja, bila mti wa tatu, vinaweza kukuletea maua ya kupiga picha na bakuli moja la matunda.

Mchavushaji anayetegemewa zaidi kati ya machotara ni Toka. Ilitolewa South Dakota mwaka 1911 na Niels Hansen. Tunda lake ni la wastani, rangi nyekundu ya shaba, na harufu yake tamu imeifanya ipendwe kwa kula pia. Ukipanda machotara mawili au zaidi, mmoja uwe Toka. Kama huna nafasi, panda *Prunus americana* kwenye kona. Kumbuka tu kwamba hutoa maotea mengi, yaani machipukizi ya mizizini, na baada ya miaka michache huwa kichaka. Yakate kila mwaka.

Umbali usizidi mita 15 ukiweza, na mita 30 iwe mwisho. Nyuki wa asali hawatoki sana joto likiwa chini ya takriban 12 °C, na siku ya maua ya plamu mara nyingi ni ya baridi. Wale nyuki wanene wenye manyoya, bambi, hufanya kazi hata kukiwa na ubaridi, ila hawaendi mbali bila sababu. Miti ikiwa karibu, nyuki mmoja mwenye dakika kumi za jua anatosha.

Onyo: neno "inajichavusha" kwenye kibandiko lina madaraja. Kuna aina zinazozaa kikamilifu peke yake, na kuna zinazozaa theluthi tu. Muulize muuzaji waziwazi ni ya daraja lipi.

Umefaulu kama: kwenye daftari una jozi, au jina moja linalojichavusha kikamilifu.

## Hatua ya 5: Chagua aina

Sasa majina. Orodha hii si ya aina zote nzuri. Ni ya zile ambazo tabia zake zinajulikana vya kutosha kumshauri mtu wa mara ya kwanza.

### Kanda ya 3 na ya 4

Toka. Ianze orodha yako, kwa sababu zilizotajwa.

Pembina. Chotara lenye damu ya *Prunus nigra*. Ni miongoni mwa ngumu kuliko zote. Tunda ni jekundu, kubwa kwa mti wa kanda ya 3, ganda lake ni nene. Huchanua mapema, hivyo isikae bondeni.

Pipestone. Ya Minnesota, 1942. Tunda ni kubwa, jekundu, tamu. Nyama yake imeshikamana na kokwa, kwa hiyo kwa jamu inakupa kazi. Kwa kula mkononi haina shida.

Superior. Ya Minnesota pia, 1933. Tunda ni kubwa, limechongoka kidogo, ladha nzuri sana. Huanza kuzaa mapema kuliko nyingi. Kosa lake ni uroho: hubeba matunda kupita uwezo wa matawi, matawi yakapasuka. Mti uliochoshwa hivyo huingia majira ya baridi bila akiba, na ndio unaokufa ukidhani ni baridi iliyouua. Matunda yakifika ukubwa wa ncha ya kidole, punguza hadi kuwe na takriban sentimita 10 kati ya tunda na tunda.

Alderman. Ya Minnesota, miaka ya 1980. Tunda ni kubwa, rangi ya zambarau nyekundu, na mti ni mzuri kutazamwa. Iweke kanda ya 4, si ya 3.

Black Ice. Ilizalishwa Wisconsin. Mti ni mfupi, tunda ni kubwa na jeusi, huiva mapema. Inafaa pale ambapo majira ya joto ni mafupi.

Mount Royal. Hii ni ya Ulaya, kutoka Quebec, na ndiyo jibu kwa mtu wa kanda ya 4 mwenye nafasi ya mti mmoja tu. Inajichavusha. Tunda ni dogo hadi la wastani, bluu, zuri kwa kula, jamu na kukausha. Kama hujui uanze wapi, anza hapa.

### Kanda ya 5 na ya 6

Stanley. Ilitolewa Geneva, New York, 1926. Inajichavusha, inazaa sana, nyama huachana na kokwa, na hukaushwa vizuri. Udhaifu wake ni fundo jeusi, ugonjwa wa ukungu *Apiosporina morbosa* unaovimbisha matawi kama mkaa katika Amerika Kaskazini. Kama miti ya mwituni jirani ina mafundo hayo, achana na Stanley.

Opal. Ya Uswidi. Huiva mapema, inajichavusha, tunda ni tamu. Nayo hubeba kupita kiasi, kwa hiyo punguza.

Victoria. Ya Uingereza, inajichavusha kikamilifu. Inajulikana mno, pengine kuliko inavyostahili kwa bustani ya baridi kali. Hushikwa kwa urahisi na ugonjwa wa ukungu uitwao jani la fedha, na matawi yake huvunjika. Inafaa kanda ya 6 yenye hewa ya bahari kuliko kanda ya 5 ya bara.

Damsoni ya bluu. Ipande unapotaka jamu na mti usiodeka.

Gage za kijani, plamu za Ulaya zenye tunda la kijani, zina ladha ambayo wengi huiweka juu ya plamu zote, lakini nyingi huhitaji mwenzi na huwa na miaka ya kukataa kuzaa. Ziwe mti wa pili au wa tatu, si wa kwanza.

### Jinsi ya kuamua kati ya mbili zilizobaki

Uliza swali moja: kipi kinaniumiza zaidi, baridi ya katikati au jalidi ya mwisho? Kama katikati hufika −35 °C lakini majira ya kuchipua huja kwa mkupuo bila kurudi nyuma, chukua chotara. Kama katikati ni −24 °C lakini jalidi hurudi rudi kwa wiki nne, chukua ya Ulaya inayochelewa kuchanua.

## Hatua ya 6: Uliza shina la chini

Mche uliobebeshwa ni mimea miwili. Kikonyo cha juu kinaweza kuwa Toka, lakini mizizi ni ya mwingine, na mizizi huvumilia baridi kidogo kuliko matawi. Theluji ikikosekana na ardhi ikaganda kwa kina, mizizi hufa kwanza. Dalili yake inadanganya: mti huchipua majani kwa akiba iliyomo shinani, kisha hunyauka katika wiki za kwanza za joto.

- *Prunus americana* wa kutoka mbegu: chaguo la kwanza kwa machotara katika kanda ya 3 na ya 4.
- Mirobalani, *Prunus cerasifera*: ina nguvu, huvumilia udongo mzito, mti huwa mkubwa.
- St. Julien A: ukubwa wa kati, kwa miplamu ya Ulaya kwenye baridi ya wastani.
- Krymsk 1: ya Urusi, huupunguza mti na huhimili baridi vizuri.
- Pixy: hufupisha sana, lakini hutaka udongo mzuri na maji. Si ya kanda ya 4.

Kataa mche uliobebeshwa juu ya mpichi kama uko kanda ya 5 au chini. Muuzaji asipojua shina la chini ni lipi, nenda kwingine. Si jambo dogo la kufumbia macho.

## Hatua ya 7: Chagua mahali

Panda katikati ya mteremko au juu yake, kamwe si chini. Ua au ukuta unaokata mteremko huzuia hewa baridi kama bwawa, kwa hiyo usipande upande wake wa juu. Ukishindwa kuepuka, fungua nafasi ya mita moja chini ya ua ili hewa ipite.

Ukuta unaopigwa na jua la mchana unavutia, na watu huushauri mno. Fikiri mara mbili. Joto lake huuamsha mti mapema na kuleta maua mbele ya jalidi. Ukuta huo ni mzuri pale tu ambapo tatizo ni tunda kutoiva, au ambapo uko tayari kufunika mti kwa kitambaa kila usiku wa hatari. Penye jalidi za kurudi, eneo linalochelewa kupata jua la asubuhi lina faida.

Pima upenyaji wa maji. Chimba shimo la sentimita 45, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Maji yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, panafaa. Yakikaa usiku kucha, panda juu ya tuta la sentimita 30 au tafuta pengine. pH iwe kati ya 6.0 na 7.0. Acha mita 4 hadi 6 kati ya mti na mti.

## Hatua ya 8: Kagua mche kabla ya kulipa

Chagua mche wa mwaka mmoja au miwili. Mkubwa zaidi hupoteza mizizi mingi na kuchelewa kushika.

Kwangua gome kidogo kwa ukucha: chini pawe kijani kibichi, pasiwe kahawia. Angalia mahali pa kubebeshea, pawe pameziba bila ufa wala utomvu. Mizizi iwe na nyuzi nyingi, isiwe imezunguka chungu kama kamba. Taka mche wenye cheti cha kutokuwa na virusi, hasa ugonjwa wa sharka, kwa sababu virusi vyake havina dawa na mti ulioambukizwa hung'olewa.

Aina iliyoandikwa "inayostahimili baridi" bila kutaja kanda wala kiwango cha joto, iache hapo hapo.

## Hatua ya 9: Panda na uulinde mwaka wa kwanza

Penye baridi kali, panda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, ardhi inapochimbika. Mche uliopandwa kabla tu ya baridi haujashika udongo, na ardhi inapoganda na kuyeyuka huusukuma nje.

Shimo liwe pana mara mbili ya mizizi na kina sawa nayo. Alama ya kubebeshea ibaki sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo. Rudisha udongo ule ule, bila samadi shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mwagia lita 10 hadi 15 mara moja, kisha weka matandazo ya sentimita 8, yaliyoachana na shina kwa kiganja kimoja.

Mbolea ya naitrojeni isitolewe baada ya katikati ya majira ya joto. Huchochea matawi mapya wakati mti ulipaswa kujiandaa kulala.

Kabla ya theluji, fanya mambo mawili. Zungushia shina wavu hadi sentimita 60 au zaidi, kwa sababu panya hula gome chini ya theluji na sungura hula juu yake. Kisha paka shina rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Jua la alasiri hupasha gome jeusi hadi chembe zake zinaamka, jioni likizama zinaganda na gome linapasuka kwa urefu.

Kupogoa kufanywe siku kavu za majira ya joto pale ambapo jani la fedha lipo. Kidonda kilichokatwa kwenye unyevu wa baridi ni mlango wazi kwa ukungu huo.

Umefaulu kama: mwisho wa msimu wa kwanza matawi mapya yana sentimita 30 hadi 60, yamekuwa na rangi ya kahawia hadi nchani, na majani yameanguka yenyewe.

## Hatua ya 10: Soma macho, ujue kosa liko wapi

Mti ukifika umri wa kuzaa, mwaka wa tatu hadi wa sita kwa kawaida, usisubiri maua ndipo ujue. Siku chache baada ya baridi kali, kata vijiti vitano kutoka sehemu tofauti, viweke ndani ya nyumba kwa saa 24, kisha kata macho ya maua kwa kuyapitisha wembe katikati. Kitovu cha kijani ni kizima. Kitovu cha kahawia au cheusi kimekufa. Hesabu macho 50. Usiogope ukikuta nusu yamekufa. Mplamu huchanua maua mengi kupita matunda unayoweza kuyaacha mtini.

Kisha ulinganishe na matokeo:

- Macho yamekufa katikati ya majira ya baridi. Aina si ya kanda yako, au mti uliingia kwenye baridi ukiwa umechoka kwa mzigo, ukame au mbolea ya kuchelewa.
- Macho yalikuwa mazima, maua yakaungua. Kitovu cha ua kimekuwa cheusi ilhali petali zinaonekana salama. Tatizo ni mahali au wakati wa kuchanua. Usiku wa jalidi, funika mti mzima hadi kitambaa kiguse ardhi, kwa sababu joto linalookoa linatoka udongoni. Kukifunga shinani kama mwavuli ni kazi bure.
- Maua yalikuwa mazima, vitunda vikaanguka vikiwa vidogo kama punje ya mtama. Hakukuwa na chavua.

Kosa hili la tatu lina dawa isiyohitaji nafasi mpya: bebesha tawi la mwenzi kwenye mti ule ule. Kata vikonyo vya Toka, au vya *Prunus americana*, mti ukiwa umelala kabisa. Vifunge kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko, viweke kwenye friji mbali na matofaa, maana gesi inayotoka kwenye tunda linaloiva huua macho. Macho ya mti mwenyeji yanapoanza kuvimba, bebesha kikonyo chenye macho mawili au matatu kwenye tawi la upande unaopata jua, funga kwa utepe na uzibe kwa nta. Litachanua baada ya miaka miwili au mitatu. Funga kibandiko cha bati kwenye tawi hilo chenye jina la aina, la sivyo mpogoaji wa mwaka kesho ataliona limetofautiana na mengine na kulikata.